Stelingi hairudi yenyewe ukishakata kona: jinsi ya kumtafuta mchawi hatua kwa hatua

Unakata kona, unalegeza mkono ukitegemea usukani urudi wenyewe kama kawaida yake, alafu unakuta umeganda pale pale, inabidi uuvute mpaka katikati. Au unarudi ila unaishia njiani. Au kulia unarudi vizuri kushoto unagoma. Wengi wakifika hapo wanakimbilia alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine), isipopona wanaambiwa stelingi boksi (ile inayogeuza mzunguko wa usukani ukasukuma tairi) imekufa, wananunua nyingine, na shida ipo vile vile maana ilikuwa kwenye boljointi (kiungo cha tufe kinachoruhusu tairi kugeuka) iliyokauka grisi. Kwaiyo hapa nakuwekea mpangilio wa kutafuta, tunaanza na visivyogharimu kitu mpaka tunafika kufungua vyuma, na sharti ni moja tu, usinunue kifaa chochote kabla hujajua nini hasa kinashika.

Kwanza jua nini kinarudisha usukani

Hamna springi ndani ya stelingi inayovuta kurudi katikati, watu wengi wanadhani ipo. Kinachorudisha ni jinsi tairi za mbele zilivyofungwa. Chora mstari wa kufikirika kutoka mauntingi ya shokapu (kiti kinachoshika shokapu kwenye bodi) kule juu ushuke mpaka boljointi ya chini, huo mstari haujasimama wima, juu umelala kidogo kuelekea nyuma ya gari. Ukiurefusha mpaka ardhini unagusa mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Maana yake gari likitembea tairi linaburutwa nyuma ya huo mstari, na kitu kinachoburutwa kinajinyoosha. Ndo inaitwa kasta. Angalia uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala, ni moja ya sababu mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda.

Huo mstari umelala pia kwa ndani, juu umeingia upande wa injini. Kwa sababu hiyo ukikata tairi pua ya gari inanyanyuka kidogo, hata kama huoni kwa macho, na uzito wa gari unataka kushuka, kwaiyo unasukuma tairi zirudi. Alafu tairi lenyewe nalo, likiwa kwenye kona raba inajipinda pale inapokanyaga na inavuta kujinyoosha, ndo maana ukiwa na mwendo usukani unarudi kwa nguvu na ukiwa unapaki hauna haraka yoyote. Kupaki usukani ukabaki ulipouacha sio ugonjwa, usihangaike nao.

Sasa ukielewa hapo, lawama zinabaki mbili. Aidha nguvu ya kurudisha imepungua, au nguvu ipo lakini kuna kitu kinashika na kuishinda. Kwa uzoefu wangu mara nyingi ni hilo la pili. Gari za stelingi ya umeme zina la tatu, mota yenyewe haielewi katikati ni wapi.

Hakikisha ugonjwa ndo huu

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Gari linaenda moja kwa moja vizuri ila usukani umekaa upande, hiyo ni marekebisho ya tairodi (fimbo zinazotoka stelingi boksi kwenda kwenye tairi) tu na utaikuta mwisho kabisa huko chini. Gari linavuta upande mmoja muda wote hata hujakata kona, hiyo anza na tairi na breki inayoshika. Yetu ni ile ya kukata kona na usukani usirudi.

Ila ndani ya yetu kuna moja ya kuiangalia kwa makini. Umekata kulia, umenyoosha kwa mkono, gari bado linataka kwenda kulia. Ukikata kushoto ukanyoosha sasa linataka kushoto. Yaani gari linakumbuka ulikotoka. Ukiona hivyo usipoteze muda na kasta, kuna kitu kinajinyonga kama raba na kukaa hivyo hivyo, na washukiwa wakuu ni mauntingi za juu za shokapu, bushi za ami (raba za ile mikono ya chuma inayoshika tairi chini ya gari), na stelingi boksi iliyokazwa kupita kiasi.

Hatua ya 1: jaribio la barabarani

Tafuta sehemu tambarare, pana, haina magari wala watu. Nenda kilomita kama 35 kwa saa, kata usukani robo mzunguko, yaani nyuzi 90, subiri sekunde moja au mbili alafu achia, mikono ikae karibu karibu kuudaka. Kuna manyuali za matengenezo zinazotumia kipimo hiki hiki, na zinasema usukani ukirudi nyuzi 70 au zaidi peke yake basi hauna tatizo. Kwaiyo kurudi mpaka katikati kabisa kwa nukta sio lazima, kubaki nyuzi chache ni kawaida. Bandika kipande cha tepu juu kabisa ya usukani ili uone vizuri unaishia wapi, kwa kukadiria macho yanadanganya.

Fanya kulia, fanya kushoto, rudia. Andika. Hapa majibu yanagawanyika: ukishindwa pande zote mbili sawa sawa, fikiria upepo wa tairi, msuguano, kasta iliyopungua pande zote, au stelingi ya umeme. Ukishindwa upande mmoja, fikiria tairi tofauti, kasta ya kulia na kushoto kutofautiana, kitu kilichopinda, au valvu ya stelingi boksi. Na usikilize pia mikono yako, usukani unarudi kwa ulaini au unaruka ruka kwa vipande? Unaoruka ni kitu kinashika alafu kinaachia, na hicho utakipata kirahisi zaidi.

Hatua ya 2: tairi

Najua inachosha kuambiwa pima upepo, ila pima. Tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, sio namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha juu kabisa cha tairi lenyewe. Upepo mdogo mbele unafanya usukani uwe mzito na uchelewe kurudi, na ukizidi tofauti ya kulia na kushoto unapata ule wa upande mmoja.

Alafu angalia kama tairi mbili za mbele ni aina moja, saizi moja, na zimelika sawa. Kama hazina mshale wa upande wa kuzunguka, badilishana kulia na kushoto alafu rudia jaribio. Tatizo likihamia upande wa pili, umemaliza, ni tairi. Ni dakika chache, jeki na stendi tu.

Na kama gari limevalishwa rimu pana zilizotokeza nje au limewekewa spesa (vipande vya kusogeza rimu nje), jua umehamisha sehemu tairi linapokanyaga ukilinganisha na ule mstari wetu, na usukani hauwezi kuwa kama wa kiwandani. Kabla ya kulaumu kitu kingine rudisha rimu za mwanzo hata za kuazima, ujaribu.

Hatua ya 3: gari lilifanyiwa nini kabla ya hapo

Hii wanairuka wengi na ndo inayookoa muda kuliko zote. Tatizo likianza siku moja na matengenezo fulani, basi anza na matengenezo hayo. Limebadilishwa shokapu? Beringi ya mauntingi imerudishwa kichwa chini, au imerudishwa ile ile ya zamani iliyojaa vumbi, au springi haijakaa kwenye kituo chake. Zimebadilishwa bushi au ami? Soma hatua ya 7. Kulikuwa na mlio kwenye stelingi na fundi "akaukaza" ukaisha? Basi mi ningeweka pesa kuwa ndo hapo hapo. Limegonga ukingo wa barabara au shimo kubwa? Kuna chuma kimepinda. Betri ilichomolewa au ilikufa kabisa na stelingi ni ya umeme? Kakalibreti kwanza, yaani kompyuta ifundishwe upya katikati ni wapi, kabla hujagusa spana.

Limenyanyuliwa au limeshushwa, hilo pia ni jibu. Gari la eksele nzima mbele ukilinyanyua bila kurekebisha fimbo zinazoshika eksele, kasta inapungua. Na ukinyanyua nyuma peke yake, gari linainamia mbele na kasta inapungua pia.

Hatua ya 4: msaada wa stelingi

Kwa ya oili: angalia kiwango na rangi kwenye kikopo chake. Ikiwa nyeusi inanuka kuungua, au ina povu, ujue kuna hewa au pampu inateseka. Usiongeze oili yoyote unayoikuta, kuna gari zinataka ATF (oili ya gia otomatiki) na nyingine zinataka oili maalum ya stelingi, mfuniko wa kikopo au manyuali inasema. Kagua mkanda wa pampu kama umelegea au unateleza, hasa kama stelingi inakuwa nzito ukikata haraka.

Jaribio la valvu liko hivi. Nyanyua mbele, tairi zote mbili ziwe hewani, gari likae kwenye stendi (sio jeki peke yake, hilo halina mjadala), tairi za nyuma ziwekewe vizuizi, gia fri au P na hendibreki juu. Usukani katikati. Washa injini huku mikono iko mbali na spoku za usukani. Usukani ukianza kuzunguka wenyewe kwenda upande mmoja, valvu ya ndani ya stelingi boksi inapeleka presha upande mmoja bila kuombwa. Hapo kweli stelingi boksi inatakiwa itoke, na hii ni moja ya mara chache nitakubaliana na fundi anayesema hivyo.

Kwa ya umeme: taa ya stelingi inawaka? Pima na mashine usome kodi (namba za hitilafu). Isipowaka usidhani iko salama, sensa ya kupima nguvu ya mkono inaweza kuwa imehama sifuri yake bila kuwasha taa, mota ikawa inasaidia upande mmoja kidogo kidogo hata ukiwa umenyoosha. Na gari nyingi za hivi mota ndo inasaidia pia kurudisha usukani, kwaiyo kompyuta ikiwa haijui katikati iko wapi, inarudisha mahali pasipo. Kukalibreti sensa ya usukani kunafanywa na mashine, gari zingine unakata mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto injini ikiwa imewashwa na inajifunza. Fuata manyuali ya gari lako, sio video ya gari la jirani. Volti ya betri nayo ipime, betri ikiwa chovu hizi stelingi zinakuwa na vituko.

Hatua ya 5: kuhisi kwa mkono

Gari bado limenyanyuliwa, injini imezimwa, ufunguo uko mahali ambapo usukani haujilock. Zungusha polepole kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine kwa vidole tu, usishike kwa nguvu, ukishika kwa nguvu hautahisi kitu. Ya oili itakuwa na uzito fulani kwa sababu unasukuma oili kwa mkono, ni kawaida ilimradi uzito uwe sawa muda wote.

Unachotafuta ni uzito usio sawa, na mahali unapotokea panakuambia mengi:

Ukikaza mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa usukani, alafu unalegea, alafu unakaza tena, ni krosi (kiungo cha kupinda) ya shafti inayotoka kwenye usukani kwenda stelingi boksi. Krosi ikiingia maji na kutu inashika kwenye mkono mmoja tu, ndo maana inakuja mara mbili kwa mzunguko. Ipulizie oili ya kulegeza kutu, zungusha mara nyingi, kajaribu barabarani. Ikipona alafu ikarudi baada ya muda, umeipata, badilisha. Ile oili ni ya kutambua tu, sio tiba.

Ukikaza sehemu moja tu ya safari nzima, mfano mwisho wa kulia, reki (chuma kirefu chenye meno ndani ya stelingi boksi) imepinda au meno yameliwa au yamepata kutu baada ya raba ya vumbi kuchanika.

Ukikaza katikati na kulegea pembeni kwenye boksi la mzunguko la pikapu na lori, mara nyingi ni mtu amekaza skrubu ya kurekebisha. Kwenye reki iliyolika katikati, nati ya kurekebisha ikikazwa sana inakaza zaidi pembeni. Nitairudia.

Ukiwa mzito wote kwa usawa, bado hujui kitu, endelea.

Hatua ya 6: springi na mauntingi, gari likiwa chini

Hapa kuna mtego. Beringi ya mauntingi inabeba uzito wa gari, kwaiyo ukiwa umelinyanyua haina mzigo huo na inaweza kuzunguka kama mpya. Lazima ishushwe chini ndo uipime. Shusha gari, mwite mtu akae ndani awashe injini, akate usukani polepole kulia na kushoto. We weka kidole juu ya koili ya springi upande wa nje, usiingize kidole katikati ya koili mbili tafadhali. Springi nzima inatakiwa izunguke kwa ulaini pamoja na tairi. Ikiwa beringi imeshika utahisi koili inakaza, inakaza, inajinyonga kama unamkamua mtu nguo, alafu TAK inaruka. Mara nyingine hausikii mlio, ni kidole tu kinachohisi ule mruko. Weka mkono mwingine juu ya kile kikombe cha mauntingi ndani ya boneti, mruko huo huo utaupata hapo.

Mauntingi ikishika, springi inakuwa springi kweli ya kukurudisha au kukubakisha, na ndo chanzo kikubwa cha lile gari linalokumbuka kona. Ukibadilisha badilisha zote mbili, beringi na raba yake, gharama ya kazi ni ile ile.

Ukitaka tairi lizunguke chini bila lami kuling'ang'ania, weka mabati mawili yenye grisi katikati chini ya kila tairi. Stelingi inakuwa nyepesi na kila kinachoshika kinajionyesha.

Hatua ya 7: tenganisha

Kama mpaka hapa hujapata, sasa ndo spana. Na hii hatua kwangu ndo mwongozo wote, hizo zingine ni maandalizi tu.

Nyanyua tena, stendi, toa tairi. Fungua tairodi endi (ncha za tairodi) zote mbili kutoka kwenye mkono wa habu (pale tairi linapofungwa), tumia kifaa cha kuzing'oa, sio nyundo juu ya nyuzi za nati. Sasa una vipande vitatu visivyohusiana: habu ya kulia, habu ya kushoto, na stelingi.

Shika habu kwa mikono miwili izungushe kulia na kushoto. Linganisha pande mbili. Hii ni raha sana kwa sababu huhitaji kipimo, upande mzima ndo kipimo chako. Inatakiwa iende kwa uzito wa kiasi, laini, bila kukwama. Ukikuta upande mmoja unatakiwa kusukuma kwa mwili na ukiachia unasimama ulipo kama umegandishwa, angalia boljointi ya chini. Raba yake ikiwa imepasuka bonyeza kwa kidole, kama inatoka uji wa rangi ya kahawia badala ya grisi, maji yameingia na kutu imekula tufe la chuma la ndani. Hiyo haina kucheza, kwaiyo fundi anayepima kwa kutikisa tairi atakuambia ni nzima, ngumu kabisa, "haina pleyi". Kweli haina, imekwama. Boljointi iliyokwama ni hatari sawa na iliyolegea, inaweza kuvunjika shingo.

Tairodi endi nazo zipindishe kwa mkono, kila moja peke yake. Zinatakiwa ziende pande zote kwa ugumu wa wastani. Iliyoganda utaijua.

Habu zikiwa nyepesi zote mbili, rudi ndani uzungushe usukani. Ukiwa mwepesi sasa, basi ulikosea kulinganisha habu au kupima tairodi endi, rudia. Ukiwa bado mzito, ni stelingi boksi au ni koloni (nguzo ya usukani). Kuzitenganisha fungua krosi pale inapoingia kwenye stelingi boksi, ila kabla ya hapo: usukani uwe katikati, weka alama ya rangi kwenye shafti na mdomo wa boksi, na fungia usukani usizunguke hata kidogo, kwa mkanda wa siti uliopitishwa kwenye usukani ukafungwa. Ukiuachia uzunguke huru utakata ile waya ya eabegi iliyojikunja nyuma ya usukani. Na kama unagusa chochote karibu na eabegi, chomoa hasi ya betri na usubiri muda ambao manyuali imeandika.

Shafti ikishatoka, geuza ile shingo ya stelingi boksi, mzito hapo basi ni boksi. Boksi likiwa jepesi, upande wa juu uangalie krosi tena, raba ya kwenye ukuta wa injini, na hata kava la plastiki la koloni linalosugua nyuma ya usukani.

Kwenye hiyo nati ya kurekebisha. Stelingi boksi ya reki ina kipande kinachosukumwa na springi kuibana reki kwenye pinioni (gia ndogo inayoisukuma reki), na nati yake iko nje. Reki ikilika katikati inaanza kugonga gonga, mtu anakaza nati, mlio unaisha, na mteja anafurahi siku hiyo. Kasoro ni kwamba usukani hauwezi kurudi tena. Kurekebisha ni kulegeza lokinati (nati ya kufungia), kuirudisha ile ya kurekebisha nyuma kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, kufunga, kujaribu. Usiilegeze sana ukaifanya reki iruke meno, na kama hakuna nafasi ambayo mlio umeisha na usukani unarudi, boksi limechakaa, hakuna ujanja. Kwenye pikapu na lori zenye boksi la mzunguko ile skrubu ya juu ina dhambi hiyo hiyo. Na kwenye hizo hizo usisahau kingpini (pini nene ambazo habu inazungukia), ziingizie grisi kama manyuali inavyosema, na shokapu ya stelingi kama ipo itoe, isukume na kuivuta kwa mkono, iwe sawa pande zote.

Bushi sasa. Bushi za ami za raba zimeshikana na chuma ndani na nje, haziteleziki, zinajinyonga. Ukizikaza ami ikiwa inaning'inia, gari likishuka chini zinabaki zimejinyonga siku zote, zinavuta ami na zinachanika mapema. Dawa ni bure: legeza boliti za ami, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake au kwenye rampu, lisukume sukume lipande na kushuka, alafu kaza kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukazia) ya manyuali hapo hapo lilipo. Bushi kubwa ya nyuma ya ami ikiwa imechanika, ami inarudi nyuma na kasta inaondoka nayo, sukuma na nondo uone inavyotembea.

Hatua ya 8: sasa ndo alaimenti

Vyuma vikiwa vizima na vyepesi, peleka mashineni, na usiishie kuambiwa "iko poa", omba karatasi. Watu wanasoma too (jinsi tairi za mbele zinavyoelekea ndani au nje) tu kwa sababu ndo inayorekebishika kirahisi, we soma kasta. Iwe ndani ya kiwango cha gari lako, na tofauti ya kulia na kushoto isizidi kile manyuali inachoruhusu, mara nyingi karibu nusu nyuzi. Gari nyingi ambazo mbele shokapu na springi ziko pamoja hazina pa kurekebisha kasta, kwaiyo ukikuta upande mmoja umepungua nyuzi nzima, ujue kuna kilichopinda au kilichohama: ami, habu, au ile fremu ndogo inayobeba injini. Fremu ndogo inaweza kuhama kwa kulegezwa boliti zake na kurudishwa bila kuwekwa sawa, hilo nalo ni bure kurekebisha.

Ukimaliza

Nati za tairodi na boljointi zenye pini weka pini mpya, za kujikaza weka nati mpya, kaza kwa toki. Ya umeme kalibreti. Rudia jaribio la kilomita 35 kwa tepu ile ile, pande zote mbili, ulinganishe na ulichoandika mwanzo. Na kama sasa unarudi vizuri ila unaishia umekaa upande kidogo huku gari linaenda moja kwa moja, usivue usukani ukaurudisha jino moja mbele, hiyo inachanganya sensa na inakufanya ukate zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Legeza lokinati za tairodi zote mbili, fupisha moja na kurefusha nyingine kwa kiasi kile kile, too inabaki kama ilivyo na usukani unakaa katikati.